Profesa wa Saa Kumi na Moja

Birkat al Mauz, 1996

Jumamosi, 15 Juni

Daftari hili ni la zamu ya maji na mitende, kama la mwaka jana. Naandika siku ya maji, naandika mtende uliokatwa, basi. Mwaka huu naona nitaandika na mengine, maana sina wa kumwambia.

Maji ya falaji, mfereji wa kijiji, yamefika saa mbili asubuhi, nusu saa yetu kamili. Tende za naghali zimeanza kugeuka rangi.

Barua imefika kutoka kwa daktari wa macho, Nizwa. Anasema mtoto wa jicho la kushoto la Kaka Suud kakomaa. Nafasi ya kupasuliwa ipo Maskati, Jumamosi tarehe 24 Agosti. Tuthibitishe kwa simu kabla ya tarehe 7 mwezi huo, ama sivyo nafasi apewe mwengine na sie tungoje mwakani. Chini kaongeza kwa mkono wake kwamba jicho likiachwa mpaka mwakani linaweza kufura ndani, na likifura ndo limekwenda, halirudi.

Nimemsomea Kaka. Kanambia, "Ikunje uiweke."

"Niiweke wapi?"

"Utakapo." Akaomba chai.

Kaka ana miaka sitini na sita. Jicho la kulia alipasuliwa mwaka 1992, likaingia usaha, likafa. Kwa hili la kushoto sasa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Na aliyemsukuma kwenda kupasuliwa mwaka ule ni mie. Yeye hakutaka. Nilimsema asubuhi na jioni mpaka akachoka, akaenda. Jicho lilipokufa hakunilaumu hata neno moja. Walionilaumu ni ndugu zetu wa Ibra, walisema Fakhriya kampofua kakake kwa ubishi wake. Kwa hiyo safari hii sina mdomo wa kumwambia nenda.

Jumatatu, 17 Juni

Joto. Paka kalala ndani ya beseni tupu, hatoki.

Jumamosi, 22 Juni

Skuli zimefungwa na tivii imeanza vipindi vya watoto. Nyumba hii haina watoto, ni mie mjane na Kaka tu. Lakini chumba chenye tivii ndicho chenye kiyoyozi, na saa kumi na moja jioni hakuna pengine pa kukaa. Nilikuwa nachambua mchele, tivii inajisemea.

Ni mchezo wa Kijapani uliotiwa sauti za Kiarabu, unaitwa Harisi wa Burkani, yaani mlinzi wa mlima wa moto. Mtu kavaa chuma chekundu toka utosini mpaka miguuni, anapigana na madude yanayotoka mlimani. Madude yenyewe mpira mtupu. Moja lilipogeuka nikaiona zipu mgongoni. Nikainuka nizime.

Kaka akasema, "Wacha. Yule mwenye sauti ya koo kavu kasema nini?"

Kiarabu cha mchezo ni cha vitabuni, na kinakwenda mbio. Kaka kaja Omani kutoka Unguja ana miaka arubaini na nne, Kiarabu chake ni cha sokoni na cha sala. Mie kanifunza marehemu mume wangu, aliyekuwa karani wa mahakama, kwa hiyo nafahamu. Nikamwambia huyo ni Profesa Kurahashi, mtu mzima mwenye koti jeupe na mguu mmoja mbovu, ndiye aliyemuundia mwekundu chuma chake. Kaambiwa madude yanaogopa chumvi, naye kasema hatoamini mpaka ajaribu mara tatu.

"Mara tatu?"

"Ndo alivyosema."

"Huyo mtu ana adabu," kasema Kaka. Sikio lake lilikuwa kule kule mpaka mwisho.

Jumapili, 23 Juni

Profesa tena. Kaka kauliza kama maji ya chumvi yalipimwa joto kabla. Nimesema hayakupimwa. Kasikitika.

Jumatatu, 24 Juni

Tumekata naghali ya kwanza, makole mawili. Moja nimempelekea jirani.

Jumatano, 26 Juni

Leo kaniita yeye, saa kumi na nusu. "Fakhriya, tusichelewe." Mtu ambaye tangu Ramadhani haniiti ila kwa chai.

Alhamisi, 27 Juni

Kaltham, jirani yetu, katuletea ndizi. Kazaliwa Mwanza, na mdomo wake haupumziki. "Mzee Suud, shikamoo. Mume wangu kafanyiwa operesheni macho yote mawili, saa hizi anatunga uzi kwenye sindano. Wewe unaogopa nini? Dakika arubaini tu, halafu apointimenti moja ya kuangaliwa, kwisha."

Kaka kamjibu, "Marahaba. Ndizi zako tamu."

Alipoondoka kanambia, "Huyu mwambie aje siku ambazo mie nimelala."

Jumanne, 2 Julai

Leo Kaka kazungumza, na sikumkata, maana si kawaida yake.

Zamani Unguja alikuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha kilimo. Mikarafuu ilikuwa ikifa imesimama, leo mti mzima, wiki ijayo majani yote chini, na Waingereza walitaka kujua kwa nini. Aliyekuwa akichota udongo ni Kaka, aliyekuwa akiosha vioo ni Kaka, aliyekuwa akiandika namba ni Kaka. Bwana wake alikuwa na haraka, akisahau kuosha mikono kabla ya kugusa vioo, na Kaka akimrudisha kwenye beseni. "Msaidizi anamrudisha bwana mkubwa!" kasema leo, akacheka mpaka akakohoa. Ripoti ilipotoka jina lake halikuwamo hata kwa herufi ndogo.

"Huyu Profesa angeliniandika," kasema. Anamsema kama mtu aliyewahi kufanya naye kazi.

Jumamosi, 6 Julai

Leo walipigana tu tangu mwanzo hadi mwisho. Profesa kasema maneno mawili. Kaka kangoja weee, mpaka nikamuonea huruma. Basi nikatia yangu: nikasema Profesa kabaki maabara peke yake anaosha vioo, maana hamwamini mtu. Kaka akafurahi. Watu huwaongezea watoto hadithi, sembuse mtu mzima aliyekaa gizani.

Jumanne, 9 Julai

Maji, nusu saa. Tende za khunaizi, mtende mmoja. Profesa kapima mvuke wa mlima (kweli), kakuta namba hazilingani na za jana, akaanza upya (yangu).

Jumatano, 10 Julai

Nimeongeza kidogo tu.

Jumatatu, 15 Julai

Profesa kafa.

Naandika yote ili nisije nikachanganya la kwao na la kwangu. Kumbe ule mnara alioujenga Profesa juu ya mlima, wa kusikilizia madude yanapokuja, ndio unaoyaamsha. Miaka yote hiyo mnara wake mwenyewe. Watu wa mji hawakujua. Wao walimshika msaidizi wake, msichana jina lake Michiyo, wakasema yeye ndiye aliyeiharibu mitambo, wakampigia mawe mlango. Profesa kakaa na karatasi zake usiku kucha akalikuta kosa, tena hesabu ndogo ya mwanzo kabisa. Asubuhi kasimama mbele ya mji mzima na mguu wake mbovu, hakuna hata mmoja aliyemshuku, akasema, "Kosa ni langu. Huyu msichana hana hatia." Halafu akapanda kuuzima mnara kwa mkono, maana mtambo wa kuuzimia kwa mbali ulikuwa umevunjika. Kauzima. Mlima ukamwangukia.

Mie mwenyewe nilitokwa na machozi, kwa mchezo wa madude ya mpira! Kaka akauliza, "Kumezidi kimya. Kumetokea nini?"

Nikatazama uso wake. Asubuhi ile alikula sahani nzima ya wali, mara ya kwanza tangu barua ya daktari. Sikuweza kumwambia. Nikasema, "Mlima umeanguka. Profesa kaumia. Wamempeleka hospitali."

"Ataishi?"

"Ataishi."

Jumanne, 16 Julai

Shida ya uongo ni kesho yake. Profesa hana sauti tena, nitampa ya nani? Nimesema yuko kitandani, anaandika barua, na Michiyo anawasomea wenzake. Kila Michiyo akifungua mdomo, mie nasoma barua ya Profesa. Kumbe ni rahisi.

Kaka kauliza kaumia wapi. Nilikuwa nishafungua mdomo kusema mguuni, likatoka jengine. Nikasema, "Machoni."

"Yote mawili?"

"Moja limekwenda. La pili lina ukungu, wanasema linapasulika."

Sikupanga. Wallahi sikupanga.

Jumamosi, 20 Julai

Sasa napanga. Tangu Jumatano nimekuwa nikikaa jikoni saa nzima kabla ya kipindi, natunga barua. Leo Profesa kakataa kupasuliwa. Nilitaka Kaka amuone mjinga.

Kaka kasema, "Ana haki yake." Nikavunjika moyo.

Jumanne, 23 Julai

Maji hayakutosha, kisiki kiliziba mfereji juu kule, tumepata robo saa tu.

Leo nimemtia Michiyo maneno. Kamuuliza Profesa, "Bwana, wewe si ndiye uliyetufunza kwamba jaribio moja si jaribio? Jicho la kwanza halikupona. Moja hilo. Utatoa jibu kwa moja?" Nilisema huku mwekundu anampiga mateke dude lenye pembe.

Kaka alikula chakula cha usiku, akaenda kulala mapema.

Jumapili, 28 Julai

Maulidi. Hakuna kipindi. Umeme umekatika kutoka adhuhuri mpaka magharibi, tumekaa uwanjani tunajipepea. Kaka kasema, "Leo Profesa kapumzika, na wewe umepumzika." Nikacheka.

Jumamosi, 3 Agosti

Zimebaki siku nne za kupiga simu. Profesa kakubali. Kapasuliwa, kafunguliwa kitambaa, kaona. Nimeyamaliza yote kwa kipindi kimoja kama mtu anayekimbilia meli, na kwenye tivii kulikuwa na matangazo ya sabuni.

Kaka kasema, "Zima."

Nikazima.

"Kampigie simu daktari. Mwambie nakuja."

Nimepiga kabla hajamaliza kuvaa kofia. Yule mwanamke wa hospitali kaandika jina, kanisomea: Suud, jicho la kushoto, tarehe 24. Nikaweka simu nikalia kwa furaha, nikafua mashuka yote ya nyumba hii na yasiyo machafu.

Jumapili, 4 Agosti

Furaha imekwisha, imebaki hofu. Nimemshawishi mara ya kwanza kwa kelele, jicho likafa. Sasa nimemshawishi kwa uongo. Likifa na hili atakuwa gizani mpaka kaburini, na aliyempeleka mara zote mbili ni mie.

Alhamisi, 8 Agosti

Huwaida kaja kutoka Ibra. Ni binti wa marehemu dada yetu, anasomesha skuli ya msingi kule, kazaliwa hapa hapa Omani na Kiswahili chake kinakwenda kwa magongo. Kaamkia, kakaa, Kaka akaanza kumhadithia habari za Profesa na barua zake. Huwaida kafungua macho.

"Mjomba, yaani ile Profesa si..."

"Huwaida!" nikamwita. "Njoo unisaidie na hii sufuria."

Jikoni nimemwambia yote. Alivyonitazama, nilijiona mie ndo mtoto na yeye ndo mwalimu. "Mama mdogo, haramu hii. Mwanafunzi wangu zote wanajua kama Profesa amekufa. Mjomba anaenda kukata macho yake sababu ya kitu haipo?"

"Anakwenda kwa sababu jicho linapasulika."

"Basi mwambie hivyo."

"Nilimwambia hivyo mwaka tisini na mbili."

Naye ni mtu wa Ibra, anayajua yaliyosemwa. Mwisho kasema, "Mwambie kabla ya safari. Kama hutaki, mimi nitasema. Khalas." Msichana niliyemfunza kuvaa viatu.

Jumatano, 14 Agosti

Mchezo umekwisha. Mwekundu kavua kofia ya chuma, kaenda na Michiyo kuweka maua juu ya kaburi la Profesa. Nimesema wanampelekea maua nyumbani kwake.

"Na yeye kasema nini mwisho?" kauliza Kaka.

"Kasema ahsanteni."

"Basi?"

"Basi. Kachoka."

Jumamosi, 17 Agosti

Tende za khalasi, mitende mitatu. Tende nzuri mwaka huu. Sijamwambia.

Jumatano, 21 Agosti

Sijamwambia.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimemwambia leo, baada ya sala ya alasiri. Mkoba wake ushafungwa, gari ya mume wa Kaltham itatuchukua kesho alfajiri. Alikuwa kakaa kwenye mkeka na mgongo ukutani. Nilikaa mbele yake ili nisiweze kutoka mbio.

Nikasema, "Kaka, Profesa hakupasuliwa jicho. Hakuwa na mtoto wa jicho. Barua zote nimetunga mie. Profesa kafa tarehe kumi na tano mwezi wa saba, mlima ulipoanguka."

Kasema, "Najua."

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia.

"Fakhriya, mie kipofu, si kiziwi. Ile sauti ya koo kavu imekatika siku ile ile na haikurudi. Mtu aliyeumia macho anaandika vipi barua?"

Hilo mie sikuliwaza hata siku moja. Mwezi mzima namwandikisha barua mtu niliyempofua mwenyewe! Nikamuuliza mbona alininyamazia.

"Mwanzo nilitaka kuona utafika wapi. Halafu nikaona mwanamke wa miaka hamsini na nane anakaa jikoni kumuumba Mjapani kila siku, saa kumi na moja kumfikisha mbele yangu, kwa ajili ya jicho langu mie. Nikaona haya. Ndo nikakwambia piga simu." Akanyoosha miguu. "Sasa niambie alikufaje. Safari hii usitie chako."

Nimemwambia kama nilivyoandika humu tarehe 15, bila kuongeza wala kupunguza: mnara, hesabu, mawe kwenye mlango wa Michiyo, Profesa mbele ya mji mzima. Nilipofika pale aliposema kosa ni langu, huyu msichana hana hatia, Kaka kainua mkono.

"Hakuna aliyemshuku?"

"Hakuna."

"Na kasema mwenyewe."

"Kasema mwenyewe."

Kainamisha kichwa. Nikadhani amelala. Halafu kasema, na nayaandika maneno yake yalivyo: "Lile jicho la kwanza nimeliua mie. Daktari kasema siku kumi maji yasiguse uso, ukitaka kusali tayamamu, udongo unatosha. Siku ya tatu niliamka kabla ya alfajiri. Nikajiona mchafu. Nikasema tangu lini mimi nikasali kwa vumbi na maji yanapita nyuma ya nyumba? Nikafungua kitambaa, nikatawadha falajini, nikaosha uso mara tatu, na jicho ndani yake. Nikalifunga tena kama lilivyokuwa. Siku ya tano usaha."

Nilimwambia, "Ulisema daktari alikosea."

"Sikusema. Mlisema nyie. Mie nilinyamaza."

"Na waliposema ni Fakhriya?"

"Nilinyamaza."

Nilikasirika mpaka nikaikalia mikono yangu. Nikamwambia miaka minne nalala na dhambi isiyo yangu. Nikamwambia harusi mbili za Ibra sikwenda, nilijifanya mgonjwa, kwa kuwa sikuweza kuzitazama nyuso zao. Nikamwambia wewe uliyekuwa ukimrudisha Mwingereza kwenye beseni!

"Ndo maana," kasema. "Ningelimwambia nani? Mtu wa maabara, nilifanya jambo ambalo mfagizi asingelifanya. Wiki ya kwanza nilitaka kusema. Halafu ikapita wiki, ikapita mwezi, kila siku ikawa ngumu kuliko jana. Na barua ile ilipokuja nikajua nikienda tu, daktari ataniuliza jicho la kwanza lilikufaje. Sikukataa kisu, Fakhriya. Nilikikataa kile kiswali."

Nimeinuka nikaenda kukaa uwanjani juani, joto lote lile. Magharibi nimempelekea chakula chake, nimekiweka, sikusema karibu.

Jumamosi, 24 Agosti

Birkat al Mauz mpaka Maskati sikumsemesha. Mume wa Kaltham alidhani tunaogopa, akatuwekea Kurani njia nzima.

Daktari ni kijana, ana haraka, faili mkononi. Kauliza kwa Kiarabu, jicho la kulia lilipotea kwa sababu gani? Mie nilijua Kaka kafahamu, maana swali ni fupi. Nilifunga mdomo. Sikumtafsiria wala sikumsaidia.

Kaka kajibu mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha sokoni, mbele ya daktari na wauguzi wawili na mzee mwengine aliyekuwa akingoja: "Mie niliosha. Siku ya tatu. Maji ya falaji. Daktari hakukosea. Na dada yangu huyu hakukosea."

Kijana akaacha kuandika. Kasema, "Mzee, wengi wameosha. Wewe wa kwanza kuniambia."

Dakika arubaini na tano. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikarudia. Katoka na kifuniko juu ya jicho, kaniuliza, "Bado umekasirika?"

"Bado. Nyamaza, usiutikise uso."

Jumapili, 25 Agosti

Daktari kamfungua, kamulika, kasema safi. Kamfunga tena. Anaona kama mtu aliye ndani ya moshi. Siku kumi bila maji.

Jumatatu, 26 Agosti

Tumerudi nyumbani. Mlango wa nyuma wa kwendea falaji nimeufunga kwa kufuli, ufunguo ninao shingoni. Sinia ya mchanga safi iko kando ya kitanda chake.

Jumanne, 27 Agosti

Tayamamu mara tano, nimemsimamia mwenyewe. Kasema hata askari jela huenda msalani. Nikamwambia mie siendi.

Ijumaa, 30 Agosti

Hakuna usaha. Tende za mwisho tumezianika. Leo nimemsemesha kidogo, habari za tende.

Jumanne, 3 Septemba

Siku ya kumi. Tumekwenda Nizwa kufunguliwa. Kapewa miwani mizito, kaambiwa asome ubao. Kausoma mpaka mstari wa sita, kataka na wa saba, hauwezi. Halafu kageuka, kanitazama muda mrefu, mie na ushungi wangu na mkoba wangu.

"Fakhriya," kasema, "umezeeka."

"Na nani aliyenizeesha?"

Katoa leso akaniambia nifute uso, daktari anatutazama.

Alhamisi, 5 Septemba

Huwaida kapiga simu, anakuja kesho na ndugu watano wa Ibra kumpongeza Kaka. Watano! Nimeanza kuloweka mchele. Kaka kaniomba daftari hili tangu asubuhi, kasema anataka kujaribu miwani. Nikamwambia humu mna mambo yangu. Kasema, "Na yangu." Nimempa.

*

Alhamisi, 5 Septemba. Mwandishi: Suud.

Jicho la kulia. Lilipasuliwa Septemba 1992. Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, mgonjwa alifungua kitambaa na kuliosha kwa maji ya falaji, kwa mkono wake, hali amekatazwa. Siku ya tano usaha. Siku ya kumi na mbili jicho lilikufa. Kosa ni la mgonjwa. Daktari hana kosa. Fakhriya hana kosa, na hakupata kuwa nalo.

Ukurasa huu kesho utasomwa mbele ya watu wa Ibra kabla ya chakula. Nitausoma mimi. Nimeuandika mwenyewe, na kila neno nimeliona.